Gemu si kamari, na huyu Shangazi wetu anataka mkalimani

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Mi naandika kutoka Busia, huku kwetu upande wa Uganda, na naandika kwa simu, kwa hiyo makosa ya herufi mtanisamehe na mkiona sentensi imekuwa ndefu kama foleni ya malori hapa mpakani ikateni wenyewe mahali mnaona inafaa.

Nimesoma barua ya yule mzee wetu mwalimu mstaafu kwenye ukurasa wenu wa wasomaji, ile aliyosema vibanda vya gemu vyote vifungwe manake ni shule za kamari na watoto wanatoka huko vichwa vitupu. Mzee wangu nakuheshimu, na sehemu moja tuko pamoja kabisa, zile mashine za kutumbukiza sarafu mi mwenyewe sizitaki karibu na mwanangu, na sheria yetu ya mwaka 2016 inakataza mtu wa chini ya miaka 25 kucheza kamari, nimesema 25 siyo 18, watu wengi hawajui. Ila ona sasa, hiyo sheria kwenye jina lake la Kiingereza kamari imeitwa gaming, neno la ukoo mmoja na gemu, ndo maana siku moja alikuja kwangu bwana mmoja wa ofisi na karatasi zake, akaona nje nimeandika GEMU kwa rangi nyekundu, akaingia kwa ukali anauliza mashine ziko wapi. Nikamwonesha PlayStation 3 iliyochakaa, ile mashine ya kuchezea gemu kwenye TV, na kontrola mbili za kushika mkononi, moja nimeifunga kwa raba ya tyubu ya baiskeli. Akaangalia. Akakaa. Baada ya dakika kama ishirini hivi akaondoka anajifuta machozi ya kicheko, na kilichomchekesha ndo nataka niwaeleze.

Kibanda changu ni chumba kimoja mbele ya nyumba, nachaji simu za watu, nauza vocha, na jioni watoto na vijana wanacheza kwa shilingi 500. Hiyo PlayStation aliniachia mdogo wangu alipoenda Kampala kutafuta kazi, pamoja na CD tatu, mbili za mpira na moja ambayo haina mpira wala magari wala watu wanapigana, kwa hiyo ikakaa juu ya kabati inakula vumbi. Sasa CD za mpira si zikakwaruzika zote mbili ndani ya mwezi mmoja, na wateja wako mlangoni, ikabidi nipanguse ile ya kabatini. Inaitwa Portal 2, ya mwaka 2011, imetengenezwa na kampuni ya Valve ya Marekani. Mi sikuijua. Niliweka tu ili watu wasiondoke.

Gemu inaanza hivi, unaamka kwenye chumba kama cha gesti ya bei rahisi, sauti inakuambia angalia darini, haya angalia chini, haya nenda ukatazame ile picha ukutani, basi mazoezi ya leo yameisha rudi ulale. Unalala. Ukiamka mara ya pili kitanda kimeoza na kuna mtu anagonga mlango, na huyo mtu siyo mtu, ni kadude ka duara kenye jicho moja la bluu, kamening'inia kwenye reli ya darini, kanaitwa Wheatley na kanaongea bila kumeza mate. Kanaogopa kwamba umelala mpaka ubongo umeharibika, kwa hiyo kanakupima, kanasema hebu sema tufaa. Chini ya skrini panatokea maandishi, bonyeza X useme tufaa. Mtoto akabonyeza X. Akaruka. Yaani mtu wako badala ya kusema anaruka juu kama panzi, alafu Wheatley anakuambia kwa huruma, sawa, hapo ulichofanya ni kuruka.

Watoto wote kimya wananiangalia mimi. Manake ni Kiingereza, na kinaongewa haraka, na kwangu wanakuja Wasamia, Waiteso, Waganda, na wale wa upande wa pili wa mpaka, Kiswahili ndo tunakutana nacho wote. Mi nilisoma mpaka S.4, yaani kidato cha nne, nasikia Kiingereza. Nikawatafsiria, lakini tufaa hapa Busia nani analijali, nikasema anakuambia SEMA EMBE. Mnh. Kibanda kililipuka. Wakarudia mara tano, sema embe anaruka, sema embe anaruka, na mpaka leo mtaani kwetu ukimwambia mtoto sema embe anaruka. Na yule bwana wa ofisi, tulimpa kontrola, tukamwambia ili tujue kama hii ni kamari bonyeza hapo useme embe. Alibonyeza mara tatu.

Sasa mzee wangu mwalimu, sikia kuhusu vichwa vitupu. Dada unayemwongoza anaitwa Chell, haongei neno hata moja gemu nzima, ana bunduki lakini haina risasi, inatoboa ukuta. Unapiga tundu moja la bluu na lingine la rangi ya machungwa, ukiingia kwa hili unatokea kwa lile hata kama kati yenu kuna shimo la kutisha. Siyo kila ukuta unakubali, mweupe unakubali, ule mweusi unakataa, kwa hiyo kazi yote ni kusimama na kufikiri. Kitu cha kwanza vijana walifanya, na nahisi dunia nzima wamefanya hivohivo, ni kutoboa sakafuni na darini hapo juu yake, wakamwacha dada wa watu anaanguka, anatokea darini, anaanguka tena, kila saa kasi inaongezeka, mpaka nikawaambia mtoeni jamani atatapika huyo.

Alafu ndo wakagundua siri. Kasi uliyoingia nayo ndo unayotoka nayo. Kuna shimo pana huwezi kuliruka hata ukimbie vipi, basi unapanda juu, unatoboa chini kabisa sakafuni, lile lingine unaliweka ukutani kwa juu, unajirusha, unaingia sakafuni kama jiwe na unatoka ukutani unapaa kama mshale. Binti mmoja wa S.3 alichukua chaki akaandika kwenye mlango wangu, bila mtu kumtuma, kwamba kwa dunia hii yetu mtu akianguka meta 5 anafika chini na kasi ya karibu meta 10 kwa sekunde, yaani ni boda inayokwenda kilometa 36 kwa saa, na ukitaka kasi ya mara mbili usifikiri unapanda mara mbili, unapanda mara nne, meta 20. Sijaifuta mpaka leo. Mwalimu wake wa fizikia alipita kununua vocha akaisoma akasema hesabu ni sawa ila gemu lenyewe linadanganya kidogo, manake mwendo una mwelekeo pia, huwezi kuanguka chini alafu ukatoka unaenda kando bila kitu kukusukuma. Wakabishana naye mpaka mvua ikaisha. Nakuuliza mzee, kwenye darasa lako watoto walikuwa wanakubishia mwelekeo wa mwendo siku ya Jumamosi?

Na hiyo bunduki haiui mtu. Zipo bunduki nyingine ndogo nyeupe zinasimama kwa miguu mitatu, hizo zinakupiga risasi kweli, ila zina sauti ya mtoto wa nasari, zinakuuliza kwa upole bado upo hapo? na ukiziangusha zinakuambia sikuchukii. Mpwa wangu wa miaka tisa alilia kwa sababu ya hiyo sikuchukii. Niliitafsiri vizuri mno nadhani.

Lakini kilichonifanya niandike hasa ni Shangazi.

Shangazi ni jina letu, kwenye gemu anaitwa GLaDOS, ni kompyuta inayoendesha maabara yote ulimofungiwa, aliua wanasayansi waliokuwemo kwa gesi ya sumu, na kwenye gemu ya kwanza ya mwaka 2007 wewe ndo ulimuua yeye. Kwenye hii ya pili Wheatley anamwamsha kwa bahati mbaya, na hakasiriki, hapigi kelele, anaongea pole pole na kwa adabu, na kila sifa anayokupa ina mwiba ndani. Nani hapa Uganda hajalelewa na mtu kama huyo? Yule ambaye anakukaribisha chai alafu anasema kikombe hiki nilikuwekea wewe, wenzako waliosoma nimewapa vile vizuri. Siku ya kwanza tu binti mmoja akasema huyu si shangazi yangu huyu, basi jina likabaki.

Hapo ndo nilijua kazi ya kutafsiri ni ngumu. Shangazi anapenda kumsema Chell kwamba amenenepa. Wazungu wanacheka, ni tusi kwao. Nikatafsiri vilevile, hakuna aliyecheka, mama mmoja aliyekuja kuchaji simu akasema ahsante kwa niaba ya Chell! Kwetu umenona ni sifa, inamaanisha unakula. Ikabidi nigeuze, nikasema anakuambia umekonda, majirani watadhani hatukulishi, hapo sasa kijembe kikaeleweka, wote wakaguna mnhhh. Je nimedanganya? Neno limebadilika lakini mwiba umebaki palepale.

Kuna mahali Wheatley anapewa kile kiti cha Shangazi, anakuwa yeye ndo mkuu wa maabara. Dakika mbili. Dakika mbili tu za cheo na kale kadude ka huruma kanaanza kufoka, kanataka kusifiwa, kanasema kazi yote kamefanya kenyewe. Vijana wangu wakaacha kumwita Wheatley, siku hizi ni Mwenyekiti, na siendelei hapo manake mwenyekiti wetu wa LC, baraza la mtaa, ni mteja wangu wa kuchaji simu.

Mwenyekiti akiwa na hasira anamchomoa Shangazi anamuweka ndani ya kiazi. Kiazi hivi hivi, airishi. Kompyuta iliyoua maabara nzima inabaki inaongea kwa nguvu ya airishi moja, unaibeba imechomekwa kwenye bunduki yako, na inalalamika kwamba umeme wake ni volti 1.1 tu haitoshi hata kudanganya. Watoto wakauliza airishi inaweza kweli? Fundi redio jirani yangu akaleta mita yake, tukachukua msumari wa mabati na waya wa shaba, tukavichoma kwenye airishi moja upande huu na upande ule, mita ikasoma karibu na volti moja, haikufika ile ya Shangazi. Tukaunganisha airishi mbili kwa mfuatano na kasaa kadogo ka betri kakawaka! Fundi akawaeleza kwamba umeme hautoki kwa airishi hata, ni ile zinki iliyopakwa kwenye msumari ndo inaliwa pole pole, airishi inatoa asidi na njia ya kupitia tu. Kwa hiyo Shangazi alikuwa hajui anaishi kwa msumari. Siku tatu saa ilitembea, alafu airishi zikaanza kunuka na mi nikatupa.

Nikueleze na hii, ndo kipande ninachokipenda kuliko vyote. Shangazi akiwa airishi anataka kumuua Mwenyekiti kwa fumbo, manake kompyuta ikipewa sentensi inayojipinga yenyewe inaungua. Kwa hiyo anamwambia, ninayosema sasa hivi ni uongo. Na anajiambia mwenyewe usifikirie, usifikirie. Mhariri hebu jaribu hapo ulipo, kama ni uongo basi ni kweli, kama ni kweli basi ni uongo. Kiswahili kimeibeba hiyo bila jasho, sikugeuza hata neno, na watoto wakashikwa, wamekodoa macho, mmoja ameshika kichwa kabisa. Hapo chumbani kuna visanduku vya maabara vyenye miguu, hivyo vinaungua vinatoa cheche. Na Mwenyekiti? Anafikiri kidogo alafu anasema, aah, kweli, mi nachagua kweli, rahisi tu hiyo. Hakuungua. Ni mjinga mno hata fumbo halimpati. Nilicheka mpaka nikakaa chini na mi ndo nilikuwa natafsiri.

Ipo pia sehemu ya kucheza wawili, skrini inagawanywa, TV yangu ni ya inchi 32 kwa hiyo kila mtu anabaki na kipande kama cha dirisha la matatu lakini tunavumilia. Ni maroboti mawili, Atlas na P-body, sisi ni Mfupi na Mrefu, kila mmoja na matundu yake mawili kwa hiyo yanakuwa manne na bila kupanga pamoja hamtoki. Shangazi anawagombanisha. Anampa Mfupi pointi, anamnyang'anya Mrefu, na hizo pointi hazinunui kitu chochote, hazina kazi kabisa, na bado nimeona ndugu wa tumbo moja hawasalimiani jioni nzima kwa ajili yake.

Sasa hapa kwetu mambo ya kutafsiri vichekesho hatuhitaji kufundishwa. Mtu yeyote Uganda aliyekaa kwenye kibanda cha video anawajua maVJ, VJ Jingo, VJ Junior na wenzao, wanachukua filamu ya Wachina au ya Wazungu wanaongea juu yake kwa Luganda, wanaongeza chumvi, mtu wa Hong Kong anajikuta anadaiwa kodi ya nyumba Katwe, na watu wanajaza vibanda. Mi nilijifunza hapo, kukaa kwenye benchi nikiwa mdogo. Ila ni filamu na ni Luganda. Gemu sijaona mtu ameishika, na Kiswahili ndo kabisa. Hiyo Portal 2 ina lugha nyingi lakini ya kwetu haimo, na mambo yake yote mazuri yako mdomoni, ukikosa maneno unabaki unaruka ukutani tu.

Na Kiswahili chenyewe tunakitafutia wapi? Baraza la Mawaziri lilipitisha Julai 2022 kwamba ni lugha rasmi na kifundishwe msingi na sekondari kwa lazima, vizuri, lakini Kampala bado wapo watu wakisikia Kiswahili wanashika mifuko yao, wanajua ni askari au ni mwizi. Mtoto anakariri ngeli shuleni, nyumbani hakuna anachokicheka kwa Kiswahili. Kwangu wanakicheka. Kuna katoto ka Kisamia kalikuwa hakajui sentensi nzima, saa hii kanaongea kama Shangazi, na mama yake amekuja kunilalamikia kwa sababu kalimwambia ahsante mama kwa chakula, nilikuwa nimekuja na matumaini.

Nimeambiwa na kijana wa intaneti kafe kwamba kwenye kompyuta siyo lazima uongee juu kama mimi, maneno yanayotokea chini ya skrini yako kwenye faili la maandishi ya kawaida, mtu anaweza kuandika ya kwake na kuna programu ya kulirudisha ndani. Alisema pia, na hii nilitaka mzee mwalimu aisikie, kwamba wazo lote la matundu lilianzia kwa wanafunzi, wa chuo cha DigiPen huko Marekani, walitengeneza kagemu ka mradi wao wa chuo kanaitwa Narbacular Drop mwaka 2005, Valve wakakaona wakawaajiri. Na ile rangi ya kupaka sakafuni ili uteleze au udunde iliyomo kwenye Portal 2 ni wanafunzi wengine tena wa chuo hichohicho walioanza nayo. Vichwa vitupu hivyo.

Kwa hiyo ombi langu Mhariri. Kwanza, yule aliyeweka kichwa cha habari PANGO LA KAMARI juu ya barua ya mzee, aje Busia, nitampa nusu saa ya bure na kontrola ile nzima. Pili, mnao watu wenu wa ukurasa wa lugha, na wasomaji wenu wengi ni walimu na wanafunzi, tangazeni basi atafutwe anayeweza kukaa na mimi tuyaandike haya maneno kwa Kiswahili kinachochekesha, siyo kile cha mtihani. Mi Kiingereza cha Shangazi nakisikia lakini yule tajiri mwenye maabara, Cave Johnson, ananishinda. Huyo alianza na biashara ya mapazia ya bafuni, akanunua mawe ya mwezi ya dola milioni 70 wakati wahasibu walimwambia hana hata dola 7, akayasaga, yakamuua kwa sumu. Anaongea haraka na kwa kujisifu, anataka mtu mwenye Kiswahili cha mkutano wa kampeni, na mi sina hiyo sauti.

Tatu ni swali la watoto, na wameniambia nisitume barua bila kuliweka. Neno lenyewe la gemu, portal, tuliite nini? Mi nasema tundu. Binti wa S.3 anasema tundu ni la kuku, na la msumari pia, liitwe mlango. Mpwa wangu anasema mlango una kitasa. Katoto ka Kisamia kanasema lango, kama la mpira, kwa sababu unaingia kwa kasi. Fundi redio anasema penyo, na hatujui amelitoa wapi. Wamewekeana dau la chapati, chapati jamani siyo pesa, na wananunua gazeti wiki ijayo waone jibu.

Mama Gemu,
Busia, Uganda